Mifuko ya Keria ya Mama Turubai

Ijumaa jioni baiskeli ilikuwa katikati ya sebule, magurudumu juu, na Mama Turubai amepiga magoti akiupaka mnyororo mafuta. Jina hilo alipewa na madereva wa malori, maana kazi yake ni kushona maturubai ya kufunikia mizigo, kazi inayokula vidole. Alfajiri chama chao cha baiskeli kingeondoka kwenda ziwani na kurudi Jumapili.

Mwaka jana hakwenda. Jioni kama hiyo wifi yake, dada mkubwa wa mumewe anayeishi nao, alishikwa na kifua, na ikajulikana bila kuulizwa nani atabaki kumkanda. Kifua kikapona Jumapili, wenzake walipokuwa wakirudi. Safari hii Mama Turubai alikuwa ameapa: hata nyumba ishike moto, ataondoka.

Sasa huyo wifi, ndugu zangu, alisafisha wodi za hospitali mpaka akastaafu, na hadi leo akiingia mahali pua hutangulia. Alikaa kwenye kochi akiyakodolea macho matone ya mafuta. Akasema pale si gereji. Akasema bibi mwenye wajukuu kuvaa kaptura barabarani ni kutafuta kuchekwa. Mama Turubai akamwambia anayetaka kucheka acheke usiku huu, kesho hatasikika. Mume alikuwa amejifukia kwenye redio, akiongeza sauti kila wanawake walipoongeza zao.

Tairi zikajazwa upepo, breki zikabanwa, ikabaki mifuko ya keria. Aliishona mwenyewe kwa vipande vya turubai vilivyobaki kazini, mshono juu ya mshono, kisha akaisugua nta mpaka maji yakawa yanateleza juu yake. Alipotoka kwenda uani aliikuta kwenye kamba, inachuruzika, laini kama leso.

Akarudi nayo ndani. "Nani kaifua?"

"Ilikuwa inanata," wifi akasema. "Kitu kinachonata ni kichafu. Nimeimwagia maji ya moto, nikaipiga brashi mpaka ikatema uchafu wote wa manjano. Na asante sijaiona."

"Ule uchafu ni nta, wifi. Ndiyo inayozuia mvua."

Nje mawingu yalikuwa yamekwisha kutanda. Tumtendee haki: habari ya nta wifi hakuijua. Lakini alipoijua hakujuta hata kidogo. Alijiegemeza akasema basi safari imejifuta yenyewe, na kwa kweli tangu mchana kifua chake hakieleweki.

Mume akapunguza redio. Kwa sauti ya chini akauliza kama safari haiwezi kungoja mwezi ujao.

Mama Turubai aliiweka mifuko juu ya cherehani yake iliyokuwa pembeni. Alikwenda kwenye meza ya chakula, akaondoa birika, akaondoa vikombe kimoja kimoja, akakivuta kitambaa cha plastiki chenye maua mekundu. Kitambaa hicho kilikuwa cha wifi, alihamia nacho, na ole wako uweke juu yake kikombe cha moto. Akachukua mkasi wake wa kazini.

"Usithubutu," wifi akasema.

Mkasi ukapita katikati ya maua.

Yaliyosemwa baada ya hapo siwezi kuyaandika yote. Wifi alisimama nyuma ya cherehani akimwambia kwamba mdogo wake alioa mashine, kwamba huko barabarani atavunjika kiuno na wa kumfuta tope hatapatikana. Mama Turubai alikanyaga tu, akiitia mifuko bitana ya maua. Alipokata uzi ndipo alipogeuka.

"Kifua kikikubana, wifi, mdogo wako yupo. Ana mikono miwili, akukande."

Alfajiri alimkuta wifi ameketi kwenye meza iliyo uchi. Akamwamkia. Wifi akaitazama mbao kama kwamba ndiyo iliyosema, kisha akaanza kukohoa, kikohozi kirefu chenye mapumziko ya kusikiliza.

Mama Turubai akafunga nguo zake kavu ndani ya maua, akapachika mifuko kwenye keria, akaisukuma baiskeli nje. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mume akamfuata hadi mlangoni na kumuuliza, kwa kunong'ona, dawa ya kuchua kifua huwekwa wapi.

"Muulize mgonjwa," akasema, akapanda.