Nilivyomtafuta babu yangu Habimana, nikalia kwenye kaburi la watu wengine

Wakuu, amani kwenu. Ninayosimulia ni kweli tupu, ila nikisema nimelia ndoo tatu, punguzeni wenyewe.

Nimekulia Bukavu, upande wa Kongo. Tangu utoto niliambiwa babu yangu, mzee Habimana, alimezwa na kiboko mtoni Rusizi, mpakani na Rwanda, yeye na baiskeli yake.

Nikaamini kabisa. Hata shule ya jioni, nikiwa na ndevu, mwalimu wa biolojia aliposema kiboko anakula majani, nilimjibu kwamba hajakutana na babu yangu.

Tuliporudi Rwanda ndipo nikajua hadithi ile ilikuwa ya kutunyamazisha watoto. Wakubwa waliamini jingine: alivuka kwenda kwao Gitambi, akapata mke mwingine, akatutupa.

Aliyeumia zaidi ni shangazi yangu, Maman Odeta, anakaa Gihundwe. Tukiombea marehemu wa familia misa, jina la baba yake analikataa.

"Muntu anaacha batoto bake, na neno moja hatumi. Mumuombee nyinyi."

Sasa anaumwa moyo. Siku moja akaniita mwenyewe: "Nitafutie ukweli, hata kama ni mubaya."

Nikaingia field. Kosa langu hili hapa: Bukavu jina la babu tulilifanya la ukoo, nami naitwa Habimana. Basi kila Habimana niliyemsikia, nikamfuata.

Nimepanda pikipiki hadi Bweyeye, barabara imenitikisa mpaka meno yakabadilishana nafasi. Nikamkumbatia mzee Habimana mmoja, nikalia kwenye kaburi la baba yake, nikala viazi vyao.

Nilipomaliza sahani, mzee akaniuliza taratibu: "Papa, unamulilia nani? Huku kila muntu anapewa jina lake. Baba yangu hakuitwa Habimana. Sisi ba Habimana tuko bengi kama maharage."

Alicheka mpaka akakohoa, halafu akanielekeza: nenda parokia ya kwao Gitambi, uliza ubatizo wake kwa majina ya wazazi.

Kwa bahati shangazi aliyakumbuka. Katibu wa parokia akampata babu kwenye daftari la ubatizo, na dada yake mdogo. Dada amefariki, lakini binti yake, Maman Verena, bado analima mihogo mlima wa pili tu kutoka pale. Nilikimbia kama nafukuzwa na nyuki.

Somo langu, wakuu: ukoo wa Kinyarwanda usiufuate kwa jina, ufuate kwa baba na mama, na uwawahi wazee wakiwa bado wanaongea. Wenye uzoefu wa kutafuta ndugu pande zote mbili za mto mwageni hapa, upande wa bibi bado niko gizani.

Namalizia na jambo la juzi. Nilimpeleka shangazi kwa Maman Verena. Hata hakukaa vizuri, akauliza: "Mke aliyemuoa huku yuko wapi?"

Maman Verena ni mkubwa kwake, siku zile alikuwa kigori. Akamshika mkono.

"Mke gani? Alikuja kumuzika mama yake, ugonjwa ule ule ukamushika na yeye, akafa. Tulituma habari ng'ambo, nyumba yenu ikakosekana. Hakuwaacha, dada. Mzigo wa kurudi alikuwa ameshafunga, na kagauni ka mutoto kalikuwa ndani."