Bawa la Papa

Gundi ya bawa la ndege niliitilia dawa ya kukausha mara mbili ya kipimo, nikidhani itakauka haraka. Miye huyu, ambaye darasa zima huchekea sifuri zangu za hesabu, nilijiona enjenyeri wa mji mzima wa Bunia.

Papa, baba yangu, alikuwa akijijengea ndege ndogo ya mbao hapa uani, hadi ugonjwa ukamlaza. Alibakiwa na hamu moja: kuona bawa limeungwa. Aliniagiza nipime gundi na dawa kwa mizani. Nikapima kwa macho, kama mtu anayetia chumvi kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kwa dawa kuzidi, kesho yake gundi ilikuwa bado inanata kidoleni.

"Imekauka?" Papa aliuliza kutoka kitandani.

"Iko nguvu kupita kichwa yangu, Papa!"

Akacheka. "Basi mulete, nione."

Tukalibeba bawa, miye na Mama, hadi mlangoni pa chumba chake. Nilipoliinua kwa majivuno, likaachana, mbao zikamwagika sakafuni. Papa akageukia ukuta.

Nilikimbilia nje kulia. Mama akanifuata, akasema: "Weye ulimudanganya mara moja tu. Miye kila asubuhi niko namuambia, 'Utapona.'"