Rangi ya Kucha Chini ya Jani la Kahawa

Mama yangu anachukia rangi ya kucha kuliko anavyowachukia fuko, na fuko humlia viazi vyake vyote. Hata ile isiyo na rangi haitaki. Kwa hivyo aliponikuta nimechutama shambani kwetu, juu kidogo ya Runyenjes, nikiipaka chini ya jani la kahawa, alishika kiuno.

"Mwalimu mzima! Sasa unaremba kahawa ya baba yako iende wapi?"

Kweli, kahawa ni ya baba. Aliipanda mwaka waliooana, na tangu tumzike, mama ndiye aliyebeba pampu ya dawa mgongoni. Lakini ugonjwa wa kutu ulikuwa umeivamia. Majani yalijaa vumbi la rangi ya chungwa upande wa chini, yakapukutika, matawi yakabaki uchi. Mama alikuwa ameamua kwamba mvua za Machi zikianza atang'oa yote apande muguka, miraa ya huku kwetu. Alilisema hilo akitazama kando, nami nikajua linamuuma.

Kosa nililijua. Dawa ya kopa, ile ya shaba, aliipuliza juu ya majani tu, hadi shamba likawa la buluu, kwa sababu upande huo ndio unaoonekana na wanaopita kwenda kanisani. Huyo ndiye mama yangu. Hata ugonjwa anataka utibiwe kwa heshima.

Nilipaka na upande wa juu, na rangi ilipokauka niliibandua kwa selotepu, ikatoka na alama za ngozi ya jani, nikaenda naye hadi maabara ya shule ninakofundisha. Alichungulia kwenye hadubini. Upande wa juu wa jani haukuwa na kitu. Upande wa chini ulijaa vitundu, kila kimoja kikiwa na midomo miwili kama maharagwe yanayotazamana.

"Jani linapumulia hapo," nikamwambia. "Likihisi adui, mara nyingine linafunga. Lakini haliwezi kufunga siku zote, litakufa njaa. Kutu inaingilia hapo hapo."

"Kumbe miaka yote napaka mabati rangi, na mwizi anapitia mlangoni."

"Ndio, mama."

"Haya. Nitapuliza chini, mwaka huu pekee. Majani yakikaa hadi Krismasi, utanipaka hiyo takataka yako." Alicheka sana. Alikuwa na hakika hayatakaa.

Mwaka mzima aliinama, mgongo ukimlilia, akigeuza tawi baada ya tawi. Nilimpenda mno kwa ubishi huo.

Krismasi nilikuta kahawa imejaa majani mapya, kijani kitupu. Mama alikuwa ameketi barazani, gambuti moja ya shambani ameivua, mguu juu ya kigoda.

"Kidole kimoja tu. Nikivaa viatu vya kanisa hakuna atakayeona."

Nikapaka huku nikicheka. Yeye hakucheka.

"Mwaka ule wa kupanda hii kahawa," akasema, "baba yako aliniletea chupa kama hii. Nikaitupa chooni, akiona."

Kisha akavua gambuti ya pili.