Mama Anastasie na Siagi ya Minembwe

Asubuhi hii mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, Anastasie Asende hana haraka ya kumpima mtu. Amevuta kiti karibu na dirisha la kituo cha afya, ameketi na mgonjwa wake, na wanazungumza habari za chakula cha zamani. Asiyewajua angedhani ni majirani wanaopiga soga.

Anastasie ni mtaalamu wa lishe. Wagonjwa wake ni watu wazima wenye kolesteroli nyingi, yale mafuta ya kwenye damu yanayoziba mishipa kidogo kidogo mpaka moyo ushindwe. Huwafundisha kupunguza mafuta ya mawese kwenye sombe, yaani kisamvu, kuchoma samaki wa mugebuka badala ya kumkaanga, na kwenda sokoni kwa miguu badala ya pikipiki. Si kazi nyepesi katika mji ambao mchuzi usio na mafuta yanayoelea humfanya mgeni ajiulize amewakosea nini wenyeji.

Anastasie mwenyewe bado analikumbuka jiko la mama yake: maharage, mchicha wa lengalenga, na ndakala, dagaa wa ziwani walioanikwa mchangani. Mawese yalikuwa ya kunukiza chungu tu.

"Samaki anatoka mu ziwa, sisi tunamuogelesha tena mu mafuta," anasema na kucheka.

Lakini mgonjwa aliyemtoa jasho hasa ni huyu wa leo, mzee Sebineza, mfugaji aliyeshuka kutoka milima ya Minembwe baada ya vita kumaliza ng'ombe wake. Kipimo cha kwanza kilipotoka kibaya, Anastasie alimwambia aache mafuta. Mzee akatii kwa moyo mmoja. Aliacha mawese, akaacha vya kukaanga, na pengo lote akalijaza kwa siagi ambayo binti yake Mukabera humtumia kutoka milimani ndani ya kibuyu. Kwake siagi ilikuwa maziwa, na maziwa hayajawahi kumdhuru mtu wa kwao.

Kipimo cha pili kikatoka kibaya zaidi, na kifua kikaanza kumbana kila apandapo kilima. Daktari alimwandikia dawa, akaonya kwamba dawa peke yake haitauweza mlo ule. Anastasie akaikataza siagi papo hapo. Sebineza alivaa kofia yake, akaaga kwa adabu, asionekane tena kwa miezi.

Anastasie akamfuata nyumbani kwake, na jibu alilopata lilimuuma.

"Mama, bangombe balikwisha, nyumba iliungua," mzee alimwambia. "Ile siagi njo kwetu ilibakia. Na yenyewe unaitaka?"

Anastasie aliogopa kumzika mzee huyu, na aliogopa vilevile kumnyang'anya kwao kulikobaki. Basi akaketi, akamwomba amsimulie tu walivyokuwa wakila utotoni.

Hapo mzee alisahau hasira. Alisimulia ukungu wa alfajiri, na kutembea nyuma ya ng'ombe hadi jua kuzama. Alisimulia viazi, njegere, na maziwa mgando yaliyokwisha kutolewa siagi. Na siagi yenyewe? Anastasie akauliza.

"Siagi ilikuwaka ya bageni na ya arusi," mzee alijibu polepole. "Sisi batoto tulikuwa tunalamba vidole. Mama angeniona nakula kila siku, angenifukuza mu nyumba."

Wakacheka wote wawili mpaka wakafuta machozi, na si yote yaliyokuwa ya kicheko.

Tangu siku hiyo Sebineza ameiacha siagi ya kila siku, anameza dawa zake, anakula njegere na samaki wa kuchoma, na anatembea ufukweni kila asubuhi. Kifua kimetulia, na kipimo kimeanza kushuka. Anastasie naye anapanga kufungua jiko kituoni, ambako wazee wa ziwani na wa milimani watapika kama mama zao walivyopika. Mwalimu wa kwanza ameshampata.

Leo mwalimu huyo amekuja kuomba ruhusa. Mjukuu wake Nishimwe anaolewa mwezi wa nane, na Mukabera ataleta siagi. Anastasie amekubali, na ameshaalikwa.

"Siku iyo nitasikia utamu yake," anasema mzee, akisimama kwenda zake. "Hii myaka yote nilikuwa nakula huzuni tu."