Akina Mama Kumi na Mmoja Hawakuwa Mtu Mmoja

Mpaka leo nikikumbuka asubuhi ile, masikio yanapata moto. Na mimi si mtu wa hasira. Muulize yeyote mtaani kwetu, atakuambia yule binti anacheka hata na mbuzi. Lakini siku ile nilijua kwamba hata mimi ninaweza kupiga meza.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye bureautique, ndivyo sisi watu wa Likasi tunavyoita vile vyumba vya fotokopi na vya kuchapa barua za kuomba kazi. Chetu kilikuwa karibu na soko. Kompyuta mbili, mashine moja ya fotokopi iliyokuwa inakohoa, na kalenda ya parokia ukutani. Shule niliachia mwaka wa nne wa sekondari, wadogo zangu walipofika umri wa kusoma na mimi nikawapisha. Sikulia sana. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi, na nilikuwa na ndoto ya kuwa siku moja na chumba changu mwenyewe, mlango wa bluu, na ndani kiti kimoja chenye mgongo mzuri kwa ajili ya wateja wazee. Kile kiti nilikuwa nimekwisha kukichora kwenye daftari, pamoja na mito yake.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwaandikia kina mama wa soko. Mama anaingia, anafuta mikono kwenye kitenge, anakaa, anasema, mimi ninachapa. Barua inaondoka kwa intaneti kwa mtoto wake aliye Kinshasa, au Zambia, au Ulaya kwenye baridi. Jibu likija, ninamsomea. Wengine wananiomba nisome mara tatu, wanafunga macho kama wako kanisani.

Sasa, kuna jambo ambalo mtu wa mbali anaweza kulicheka. Kwetu, mtoto hatamki jina la mtu mzima hivihivi. Mama ni Mama. Nimekua nyumba kwa nyumba na jirani aliyenibeba mgongoni, na jina lake nililisikia siku ya mazishi yake, padri alipolisoma. Kwa hiyo kina mama walipokuja, sikuwauliza majina. Ningeanzaje? Na mtoto wa Mama, ambaye naye ni mkubwa kwangu, ningemwandikaje jina uchi? Kwenye kitabu cha anwani cha ile programu ya barua niliandika kwa heshima yote: "Mutoto ya Mama". Wa pili alipokuja nikaandika tena "Mutoto ya Mama". Walifika kumi na mmoja.

Sikuwa mjinga. Kila mmoja nilimwekea picha ndogo niliyoipiga kwa simu yangu. Anayeuza makala, makaa ya kupikia, nilipiga gunia lake. Wa nyanya, nyanya. Wa mafuta ya mawese, chupa. Nikifungua kitabu kile nilikuwa kama ninapita sokoni, ninajua nani amekaa wapi.

Mwenye picha ya samaki ndiye sababu ya hadithi hii. Alikuwa anauza samaki wakavu kutoka ziwa Tshangalele, mwanamke mfupi, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Binti yake alikuwa ameolewa mbali, Ulaya, bila kuwaambia wazee. Waligombana kwa simu mpaka wakaacha kupigiana kabisa. Nambari zenyewe walifuta, huyu ya yule na yule ya huyu. Kwa barua walielewana kidogo, labda kwa sababu mimi nilikuwa katikati na maneno makali niliyaosha kabla ya kuyachapa. Mungu anisamehe.

Siku moja binti akaandika kwamba ana mimba kubwa. Mwishoni alisema: "Mama, ninangoja unipe jina la mtoto. Ukinyamaza, nitajua hujanisamehe, na watu wa mume wangu watamwita wanavyotaka wao."

Nilimsomea mara tatu. Hakufunga macho safari hii. Alisimama akasema, "Jina si yangu peke. Iko ya mama yetu. Ninaenda kumuuliza yaya."

Dada yake mkubwa alikuwa anaishi kijiji cha wavuvi, kando ya ziwa. Akaenda, akakaa siku tano. Na ni katika siku hizo tano ndipo mpwa wa patron, mwenye ofisi, alipotushukia kutoka Lubumbashi.

Alikuwa na diploma ya kompyuta na viatu vyenye ncha. Sote tulimwita Ingénieur, na yeye alipenda. Nilipoingia asubuhi ile nilimkuta kwenye kiti changu.

"Petite, nimekusafishia machine," aliniambia. "Ilikuwa inajaa takataka."

"Takataka gani, Ingénieur?"

"Barua za zamani, zenye kutumwa, zenye kuingia, zote nimetosha, nimetupa. Na ile carnet yako ya anwani! Muntu moja umemuandika mara kumi na moja! Mutoto ya Mama, Mutoto ya Mama, Mutoto ya Mama... Nikaacha moja, nikafuta zingine."

Nilicheka kwanza, nikidhani ananitania. Halafu nikafungua kitabu. Palikuwa na "Mutoto ya Mama" mmoja, na gunia la makala.

"Ingénieur, bale beko bantu kumi na moja!"

"Basi juu ya nini wote beko na jina moja?"

"Juu beko bamama!"

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Weye, petite, utaniua! Contact inaandikwaka na nom, postnom na prénom, majina yote tatu. Ata ku primaire banafundishaka."

"Rudisha."

"Kintu yenye kufutwa imefutwa. Njo vile informatique iko. Utaomba tena kwa bale bamama yako."

Niombe wapi? Mama wa samaki hajui kusoma. Anwani ya binti yake niliiingiza mimi, siku binti alipotuandikia mara ya kwanza, baada ya kuipata anwani ya ofisi yetu kwa binamu aliyepita likizo. Binamu alikwisha ondoka, hakuna anayejua aliko. Anwani ile ilikuwa mahali pamoja tu duniani, na mtu mwenye viatu vya ncha alikuwa ameifagia kwa sababu haikuwa na prénom!

Nilipiga meza. Fotokopi ikakohoa. Patron alitoa kichwa kutoka chumba cha nyuma, na Ingénieur akamwambia mjomba wake, "Si kitu, nonko. Huyu anaandika bantu vibaya." Patron akasema nisiguse mashine mpaka mpwa wake amalize.

Vibaya! Mimi niliyewapisha wote kwa heshima, mimi ndiye naandika watu vibaya. Na kilichoniuma zaidi si kufuta. Mtu anaweza kukosea. Kilichoniuma ni kwamba aliwaona kina mama wote kumi na mmoja ni mwanamke mmoja anayerudiarudia, na hata alipoambiwa, alicheka.

Keshoye Mama wa samaki akaingia, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amefunga mdomo kama mtu aliyebeba maji.

"Mwanangu," alisema, "jina niko nayo. Yaya amekubali. Fungua machine, niseme kabla sijakohoa."

Nilimwambia. Sikujua kuzunguka, nilimwambia moja kwa moja, na macho yangu yakaniaibisha. Yeye hakulia. Alimtazama Ingénieur, aliyekuwa anakula mkate upande wa pili.

"Njo huyu?"

"Njo yeye, Mama."

"Baba," alimwambia, kwa adabu ya kutisha, "samaki yangu ku soko, ukiona moja umeona zote?"

"Mama, ni machine. Machine iliuliza, mi nikajibu."

"Basi uliitika kwa jina ya mutoto yangu. Nani alikutuma?"

Akaweka mkate chini, akatoka kwenda kununua unité za simu. Hakurudi upesi. Ndipo nilipokaa kwenye kiti changu, amri ya patron nikaiweka pembeni. Mama alisimama nyuma yangu, na harufu yake ya ziwa ilinipa nguvu.

Sikuwa na diploma. Nilisoma kila neno la Kifaransa lililokuwa kwenye kile kioo, polepole, nikifuata na kidole, kama ninatafuta jiwe kwenye mchele. Katika barua, vilivyotupwa vilikuwa vimekwisha tupwa kweli. Lakini upande wa kitabu cha anwani, chini kabisa, palikuwa na kijikapu kidogo cha takataka, corbeille, chake peke yake. Nikakibonyeza. Walikuwa wamekaa mle ndani, kumi, "Mutoto ya Mama" juu ya "Mutoto ya Mama", wananisubiri. Yule mwenye diploma hakuwa hata amechungulia!

Nikachagua wote. Restaurer. Wakarudi.

"Mama, tumeshawapata!"

"Wa kwangu njo gani?"

Nikashuka orodha na kidole. Picha hazikurudi. Makala peke yake ndiye aliyebaki na gunia lake. Wengine walikuwa na kivuli cha kijivu badala ya picha, na anwani zenyewe zilikuwa zile za vijana: herufi, nambari, maua, nyota. Hakuna iliyosema mimi ni mtoto wa nani.

"Tutume jina kwa wote," nilisema. "Wa kwako atalipokea."

Mama alirudi nyuma hatua moja. "Ile iko jina ya mama yangu. Hapana kuiita ku nyumba kumi. Itaingia ku ya nani?"

Nikaona aibu. Alifikiri kidogo, halafu kicheko kikamtoka puani.

"Andika hivi. Andika: Siku ya komunyo yako ya kwanza, mbuzi alikula nini? Mwenye kujua, njo wa kwangu."

Nikaandika hivyo hivyo, bila kuosha neno hata moja, nikatuma kwa wale kumi. Barua ilipotoka tu, fundi wa kuchomelea wa jirani, ambaye tunatumia naye waya mmoja, akawasha chuma chake, na courant, umeme wetu, ikaenda. Tulisubiri mpaka mchana. Mama aliniletea ndizi na karanga, akakaa kwenye kigoda kisicho na mgongo, na mimi nikawa namwambia habari za kile kiti changu cha ndotoni. Akaniuliza mito itakuwa ya rangi gani. Ndivyo alivyokuwa: jina la marehemu mama yake mdomoni, mjukuu wake hewani, na bado anauliza mito.

Courant iliporudi, majibu yalikuwa yamekaa.

Wa kwanza: "Mama, uko mgonjwa? Nani anakuandikia mambo hayo?"

Wa pili: "Mbuzi gani? Tulikuwa na bata."

Wa tatu alijibu "mahindi", akijaribu bahati yake. Mama akasema, "Huyu ni muongo, lakini ni mutoto muzuri."

Wa nne nilimsoma kwa sauti kabla sijamaliza kumwona kwa macho:

"Kiatu changu cha kushoto, cheupe. Na ulinichapa mimi, si mbuzi. Mama, mtoto alizaliwa siku nne zilizopita, wa kike. Hospitali wananiuliza jina kila asubuhi. Ninawaambia wangoje, barua ya mama yangu haijafika. Nilianza kuogopa."

Mama wa samaki alikaa chini, si kwenye kigoda, sakafuni. Alicheka na kulia kwa mdomo mmoja. "Mbuzi nilimuchapa pia," alisema. "Muandikie. Nilimuchapa kiisha yeye mutoto kulala." Nikaandika.

Halafu akasimama, akakunja kitenge vizuri, akainama, akaweka mdomo wake kwenye sikio langu na kulisema lile jina. Nililichapa herufi moja moja. Nilitaka kumpa nafasi abonyeze mwenyewe, nikaweka kidole chake chenye magamba ya samaki juu ya kitufe, tukabonyeza pamoja.

Ingénieur alirudi tukiwa bado tunajifuta nyuso. Alipoona kitabu kimejaa tena, aliita nyuma, "Nonko! Contacts zimerudi! Nilisema, hii machine naijua." Na patron akajibu kutoka ndani, "Bravo, ndiyo faida ya kusoma."

Bravo! Nilifungua mdomo kusema, Mama akanishika mkono, akatikisa kichwa. Yeye alikuwa na mjukuu, hakuwa na haja na bravo. Mimi nilikuwa nayo, sikatai. Nilikula hasira ile pamoja na karanga.

Halafu Ingénieur akavuta kiti karibu yangu, kalamu mkononi. "Sasa tufanye kazi sawasawa. Huyu wa samaki, mutoto wake anaitwa nani? Na ule muchanga? Nom, postnom, prénom."

Nilichukua simu, nikatoka mpaka kwenye beseni la Mama lililokuwa mlangoni, nikachagua samaki mzuri, nikampiga picha. Nikarudi, nikaiweka mahali pake juu ya "Mutoto ya Mama". Chini yake nikaongeza mstari mpya, "Mujukuu ya Mama", na picha ya dagaa mmoja mdogo.

"Nimekuuliza jina," alisema Ingénieur.

"Nimesikia," nilimwambia.

Aliuliza tena Jumatatu iliyofuata, na Jumanne. Mimi nilikuwa ninachapa.