Siku Niliyopiga Yowe kwa Sababu ya Goti

Sogea nikusimulie, ila ukicheka ucheke taratibu, maana mpaka leo nikipita kijijini Machochwe wapo wanaoniuliza kama ng'ombe wangu walipatikana.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Siku hiyo nilikwenda kwa jirani yangu Bibi Nyangi, ambaye baridi yabisi ilikuwa imemvimbisha magoti na alikuwa ameacha dawa (alisema goti halina kidonda wala mdudu, sasa dawa inatibu nini?), na asingezirudia magoti yangeharibika kabisa, shamba alisikie kwa wengine. Baada ya shikamoo nikamweleza polepole kwamba mwili ukiumia, seli hutoa vijiprotini vinavyoitwa kemokini, navyo huziita chembe nyeupe za damu zije kupambana, kama sisi tunavyopiga yowe mifugo ikiibiwa. Bibi akaendelea kusugua goti lake. Nikaona hajaelewa, nikaamua (hapa ndipo akili iliponiaga) nimwonyeshe, nikavuta pumzi nikapiga yowe lenyewe, la kutoka tumboni.

Kwetu yowe halina majaribio. Jirani wa kwanza akalipokea, wa ng'ambo ya mto akalipokea, na mara wanaume wamejaa uani na pinde na mapanga, wanakanyaga mtama wa bibi ulioanikwa, wengine wamebomoa ua wa zizi wakitafuta nyayo.

"Ng'ombe wameelekea wapi?" akauliza Mzee Marwa, mwenyekiti wa kitongoji, akihema.

"Shikamoo mzee. Hakuna ng'ombe. Nilikuwa naeleza goti."

Nikaomba radhi, nikaomba tena, lakini kwa kila mmoja niliyemtuliza, wawili wapya walifika wakipiga yowe lao, na mtama ukazidi kusagika. Mzee Marwa akaniambia nikae chini na mdomo wangu niufunge kwa mkono, nikatii.

Bibi akautazama mtama wake, kisha magoti yake.

"Kumbe hawa ndio walio humu gotini," akasema. "Mwizi hayupo, na bado wanavunja boma. Mjukuu wangu, ingia ndani uniletee zile dawa ziwatulize."

Nikamletea, kisha nikashinda pale nikiokota mtama punje kwa punje. Nimeapa, siku hizi mifano naichora chini kwa kijiti. Nawe, kiungo kikivimba kisipungue, nenda kituo cha afya, na dawa usiiache kabla hujamuuliza aliyekuandikia.