Homa Ilivyonipeleka Kufundisha

Jumatatu niliamka na malaria, lakini nilikwenda kufundisha shuleni kwetu Kisesa. Mwalimu Koku alipougua mwezi uliopita, mimi ndiye niliyemcheka ofisini kwamba anatega kazi. Sasa niliogopa kuchekwa.

Niliingia darasani natetemeka, macho yanaona ukungu. Niliandika hesabu ubaoni huku nikishangaa jinsi wanafunzi walivyotulia na kunakili. Mmoja tu, kule nyuma, alikuwa akinong'ona.

"Wewe, simama! Nusu ukijumlisha na robo unapata ngapi?"

Akasimama polepole, akiegemea fimbo.

"Robo tatu, mwalimu. Ila mimi ni babu yake Masanja. Sisi wazazi tumeitwa kikao humu."

Chaki ikanidondoka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Haya, nenda hospitali, mwanangu."